Bei ya Tavish

Kwa siku ya tatu Tavish Kostiuk alikunywa supu ya bitiruti jikoni taa zikiwa zimezimwa na mapazia yameshushwa, ilhali ilikuwa saa saba mchana. Alikuwa na miaka kumi na saba. Klabu ilimpangia akae kwa Orest na mkewe Verna, kama inavyowapangia vijana wote wanaotoka mashamba ya mbali kuja kucheza mpira wa magongo wa barafuni. Jumamosi alibamizwa ukutani mwa uwanja kichwa kikitangulia, na tangu hapo mwanga ulimuumiza. Refa hakuona kitu. Orest aliona.

Orest ndiye aliyekuwa mpimaji wa klabu. Kila kijana alimjazia ukurasa mmoja: miguu, mikono, moyo, afya, na chini kabisa thamani yake. Asubuhi ile meneja, Lorne Pachal, alimwambia kwamba klabu moja ya jimbo la Alberta inamtaka Tavish, na mwisho wa kubadilishana wachezaji ni kesho adhuhuri.

"Wanatoa kipa na nafasi mbili za kuchagua vijana wapya," alisema Lorne. "Hiyo bei ya mzima. Mgonjwa simuuzi, namrudisha kwa mama yake. Sasa wewe niambie, ni mzima?"

Orest alijua mama huyo anaishi katika hali gani: ng'ombe wameuzwa, shamba la kukodi. Alijua tena kwamba mpimaji aliyeleta mgonjwa hakai kazini. Aliandika: afya njema. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Lakini klabu inayonunua haiamini karatasi. Humpigia simu mama wa nyumba anakokaa kijana, maana ndiye anayefua mashuka na kusikia nani anatapika usiku. Simu ililia wakiwa mezani. Verna aliipokea, akasikiliza, akamtazama mumewe. Tavish naye alimtazama Verna, akatikisa kichwa polepole kumsihi asiseme, na hata huko kutikisa tu kulimfanya afumbe macho.

"Siwezi," Verna alisema akiwa ameziba simu kwa kiganja, akaisukuma kwa mumewe kama kitu kichafu. "Wewe ndiye uliyeandika. Malizia."

Orest aliichukua. Mtu wa upande wa pili alikuwa mpole, akauliza kama kijana analala, anakula, ana malalamiko yoyote.

"Analala vizuri," alisema Orest. "Anakula kutushinda sote."

Aibu ilimpanda hadi masikioni, na hakuwa na pa kuificha.

Kesho yake saa nane mchana gari la klabu lilisimama nje, theluji ikimeta kwa jua. Verna hakutoka. Orest alibeba begi la magongo mwenyewe, lilikuwa zito, na alitamani liwe zito zaidi. Kijana alitembea nyuma yake akiwa amejiziba macho kwa kiganja.

"Asante, mzee," alisema mlangoni mwa gari. "Najua ulinitetea."

"Sikiliza, Tavish. Ukifika huko, daktari wao akikuuliza..."

Alikwama. Dereva alikuwa anasikia. Kulikuwa na neno moja la haki lililobaki kusemwa, na lilikuwa pale pale, kwenye ulimi.

"Nimwambie nalala vizuri," alisema Tavish, akimsaidia. "Nimelishika, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Orest aliitikia kwa kichwa, akamfungia mlango taratibu, asimuumize kwa kishindo.