Chifu na Chumvi ya Ng'ombe

Watu wa Kimulot walimcheka Eddah mpaka wakachoka. Mama mzima wa miaka sitini na tisa, mwenye ng'ombe wawili na chai ya kuchuma, anaacha shamba saa nne asubuhi kwenda kumbadilishia samaki maji! Tena samaki wa kutazamwa tu. Wazee wa pale hata yule wa kuliwa hawamtaki. Humwita nyoka wa majini. Haya, wacheke. Hucheka kovu asiyefikwa na jeraha.

Samaki mwenyewe aliitwa Chifu kwa sababu ya tumbo. Jina alipewa na Chepkorir, mjukuu wa Eddah, akiwa na miaka minne, siku waliyomnunua Kericho mjini pamoja na tangi lake la kioo. Mwaka uliofuata Nelvine, mama wa mtoto, akapata kazi ya uuguzi Uingereza, akaenda na binti yake, na Chifu akabaki juu ya kabati la vyombo. "Kogo, umtunze mpaka nirudi," mtoto alimwambia nyanya yake huku akilia. Eddah akamtunza miaka minane.

Na usidhani alimpenda. Wapi! Yale macho yasiyofumba yalimkera. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa simu ililia, Chepkorir akatokea kwenye kioo cha simu, na Eddah akaipeleka mpaka kwenye tangi. Kipsigis kilikuwa kimemtoka mtoto, Kiswahili kimebaki "habari" na "nzuri", na Kiingereza cha Eddah ni cha kuombea maji. Sasa wangeongea nini? Waliongea Chifu. Amekula? Amekula. Yuko wapi? Huyu hapa. Dakika nne, tano, kisha "bai, Kogo." Eddah aliishi juma zima kwa dakika hizo.

Mwezi wa sita Chifu akaanza kulala ubavu. Tumbo likavimba, magamba yakasimama. Eddah akashikwa na hofu. Samaki akifa, simu italilia nini? Akampashia maji kidogo, maana baridi ya huko karibu na msitu wa Mau haina huruma. Akamchemshia minji, akaiponda, akamshika kwa kiganja ili ale. Shambani majani ya chai yakakomaa kupita kiasi, karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa, naye wala hakujali.

Jumapili akamweleza Nelvine. "Mama, mtilie chumvi kwa maji," Nelvine akasema mbio mbio, koti la kazi tayari mwilini. "Watu wanasema inasaidia. Kijiko kimoja tu. Sawa, nachelewa."

Chumvi! Mfugaji ukimwambia chumvi ya dawa, atawaza ipi? Ile ya mboga ni ya kuonja tu. Chumvi ya maana ni ya ng'ombe, ile iliyomsimamisha ng'ombe wake mkubwa alipozaa vibaya, mpaka manyoya yakang'aa tena. Eddah hakuwa mtu wa kumfanyia mgonjwa ubahili. Akatia vijiko vitatu. Jumanne asubuhi Chifu alikuwa chini ya tangi, mdomo wazi, amekwisha.

Akabeba pakiti ya chumvi mpaka duka la dawa za mifugo, kwa Ombati aliyemwuzia. Ombati akasoma yale maandishi madogo, akasita.

"Mama, hii imewekwa shaba. Ng'ombe inamfaa. Samaki inamwua."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema ni ya ng'ombe, mama. Ningejuaje?"

Hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomchoma Eddah zaidi. Kama Ombati angekuwa nalo, angalau Eddah angekuwa na wa kumlaumu. Aliwaza kwenda Kericho kununua mwingine afanane naye, lakini kumdanganya mtoto aliona ni dhambi. Siku tano akatunga maneno ya kumwambia Chepkorir, akayafuta, akatunga mengine.

Jumapili simu ikalia. Alikuwa Nelvine peke yake.

"Chepkorir yuko wapi?"

"Yuko chumbani. Ngoja nimwite."

"Usimwite kwanza. Chifu amekufa. Nimemwua mimi, Nelvine. Nilimtilia chumvi ya ng'ombe." Akaangua kilio, yeye ambaye alimzika mumewe bila kutoa chozi mbele ya watu.

Nelvine akashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama, usilie. Kusema ukweli, ni afadhali. Huyu mtoto ana miaka kumi na mitatu, mambo ya samaki alishaacha. Kila Jumapili mimi ndiye humlazimisha kuja kwa simu, na tunagombana. Nimekuwa nikiogopa kukuambia, vile unampenda huyo samaki."

"Mimi?" Eddah akasema. "Mimi sikumpenda hata siku moja."

Nelvine akacheka, akadhani ni mzaha. "Basi sote tumepumzika. Tutakutafuta, mama, tukipata nafasi."

Eddah alitaka kusema, mwite tu nimwone, hata asiponiambia kitu. Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Jumapili iliyofuata alitoka kanisani kabla ya matangazo, akafika nyumbani akihema, akaiweka simu mezani na kuketi mbele yake. Aliketi hapo mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa.