Mlango wa Wenye Tikiti

Baba yangu alikuwa mtu wa kuongea mwisho. Harusini, mazishini, hata kwenye kikao cha kumgombeza mlevi, wengine walianza na yeye akafunga. Kwa hiyo mwaka wa tisini na sita, tulipomsindikiza dada yangu Gathoni uwanja wa ndege kule Embakasi, hakuna aliyeshangaa mzee alipokaa kando kimya.

Ila kimya hicho kilikuwa cha miaka miwili. Gathoni alisilimu akaolewa na Tahir wa Kiganjo, Thika, na tangu hapo baba hakumpa hata salamu. Sasa Tahir alipata kazi ya udereva Jeddah, akamwita mkewe. Wiki hiyo mzee alitangaza jikoni kwetu Ruiru, bila kumtazama mtu, kwamba amesamehe. Atamtemea mate ya baraka kifuani, kama babu alivyomfanyia yeye. Mama alilia. Mimi nilikasirika. Miaka miwili dada anakuja nyumbani anaongea na mgongo wa mtu, halafu msamaha utoke siku atakayo mwenyewe!

Nje ya jengo, Khamisa, mama yake Tahir, alisoma dua. Shangazi zetu nao wakaomba, kila mmoja kwa zamu yake. Gathoni aliitikia zote huku akimtupia baba jicho.

"Baba Karanja, si uongee na mtoto?" mama akamnong'oneza.

"Wacha kwanza. Mimi nitaongea naye mwisho, pale kwa ngazi ya ndege."

Nilisikia. Nilikuwa nimefika pale mara mbili, na nilijua asiye na tikiti haruhusiwi kupita mlangoni. Ngazi ya ndege iko mbali, ng'ambo ya askari na mashine na watu wa pasipoti. Nilinyamaza. Nilitaka mzee naye akione cha mtema kuni, aambiwe hapana na mtu mwenye sare. Nilidhani dada angerudi mlangoni, waagane hapo.

Gathoni alisubiri kidogo, kisha akasukuma mizigo yake ndani. Baba alivua kofia, akamfuata. Askari akamzuia.

"Tikiti, mzee."

"Yule ni msichana wangu."

"Hapa ni wasafiri peke yake."

"Dakika moja tu, kijana. Tafadhali."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema tafadhali. Alimshika askari mkono, akanyoosha kidole kumwonyesha Gathoni nyuma ya kioo. Wakati huohuo Gathoni akageuka, akawaona. Uso ulimbadilika. Akaharakisha mbele, nusura akimbie, mpaka tusimwone tena.

Barua yake ilifika baada ya mwezi. Mzee alinitaka niisome kwa sauti, na kabla sijaona hatari nilikuwa nimeshatamka: "Mwambie baba nilimwona akimtuma askari anizuie. Nilimngoja aniage tu. Kama hata siku hiyo hakuweza kuniacha niende kwa amani, sitamsumbua tena."

Baba aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Wewe ulikuwa unajua hiyo mlango ni ya wenye tikiti?"

"Nilijua, baba."

"Basi mwandikie. Mwambie ukweli yote."

Nimeandika barua tatu, kwamba baba alitaka kumbariki. Kwamba mimi nilijua nikanyamaza, hilo sijaliandika, na dada hajajibu.