Mguu wa Nne wa Kitanda cha Mama Sitti

Watu wa Kawempe, mtaa wetu hapa Kampala, wakikuambia kwamba Katembo ni mtu wa kujisifu, waambie habari hiyo ninayo. Ninajisifu, na sababu ninazo. Mwaka 1977, rafu za maduka zikiwa tupu na sukari ikitafutwa kama dawa, mimi nilikuwa na karakana.

Haikuwa ya biashara. Kutwa nilitengeneza mashine za kuandikia katika ofisi moja ya mjini, nikihangaika na skrubu ndogo kama punje za mtama. Jioni na Jumamosi niliingia katika banda langu la mabati nyuma ya nyumba, nikachonga mbao kwa raha yangu. Nilianza na randa, msumeno wa mkono na patasi nne. Halafu nikapata keekee ya umeme, nikatoboa kila kitu nilichoweza kukitoboa, hata mwiko wa ugali, ili uning'inie vizuri ukutani. Mke wangu Monique aliuangalia ule mwiko, hakusema neno. Baada ya keekee likaja jiwe la kunolea lenye mota. Na baada ya jiwe ikaja mashine ya kukereza mbao, ile inayozungusha mti ili patasi iuchonge mviringo, na hapo ndipo Monique aliposema.

Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu nilikuwa nimetoa redio yetu. Ochan, fundi umeme wa mtaani kwetu, alikuwa na mota ya mashine ya kufulia, nami nilikuwa na redio. Tukabadilishana. Yeye mwenyewe aliifunga mota kwenye vyuma vya mashine yangu, akaunganisha nyaya, akavuta mkanda, akasema atarudi Jumatatu tuijaribu pamoja. Jumatatu nyumba yake ilikuwa imefungwa. Mwaka ule askari wa serikali waliwasaka Waacholi kama yeye, nao waliondoka hivyo, wale waliobahatika kuondoka. Nilimwombea awe mmoja wao, na jina lake sikulitaja tena barabarani.

"Sasa jioni tutasikiliza nini?" Monique aliniuliza. "Tutasikiliza mota?"

Mama Sitti ndiye aliyenipa nafasi ya kuonyesha kwamba redio haikuenda bure. Alikuwa mjane wa Kinubi, na ua wake ulipakana na wetu. Sisi tulimfahamu tangu mwaka 1964, siku tulipofika Kampala tukikimbia vita vya Kongo, Monique akiwa na mimba ya miezi tisa na mimi nikiwa na shati moja. Mama Sitti hakutuuliza dini wala kabila. Alimlaza Monique juu ya angarebi yake, kitanda cha Wanubi chenye miguu minne minene iliyokerezwa na kamba za ngozi zilizosukwa katikati. Binti yetu Masika alizaliwa juu ya kitanda hicho. Siku arobaini Mama Sitti alilala chini, kwenye mkeka.

Sasa mjukuu wake Rukiah alikuwa anaolewa. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya hina, na bibi harusi wa ukoo ule alipakwa hina akiwa amekaa juu ya angarebi ile, kama mama yake na bibi yake walivyokaa. Walipoitoa ghalani wakakuta mchwa wamekula mguu mmoja, umebaki ganda tu. Nilimwona Mama Sitti amesimama uani, ameushika ule mguu kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe.

"Mama Sitti, usilie," nilimwambia juu ya uzio. "Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Mimi nina mashine!"

Nilisema kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukasikia.

Nilikuwa na vipande viwili vya mvule, vilivyotoka kwenye fremu ya mlango wa zamani. Jumanne nilileta angarebi bandani, nikafunga kipande cha kwanza kwenye mashine, nikaweka mguu wake mmoja mzima pembeni uwe mfano, nikawasha. Mashine ikanguruma. Jirani mmoja akafunga dirisha, maana siku zile mngurumo usioujua ulitosha kukutia hofu ya askari. Nikaegemeza patasi kwenye chuma chake, nikaisogeza kwenye mti. Patasi ikarushwa juu, mti ukachomoka, ukapiga bati la paa na kuanguka sakafuni umepasuka katikati. Mimi wakati huo nilikuwa chini ya meza. Sikumbuki nilifikaje.

Nilipotulia nikaelewa. Mti unapozunguka, upande wa juu unatakiwa umjie fundi na kushuka juu ya patasi. Wa kwangu ulikuwa ukipanda kutoka chini na kuibeba patasi. Mota ilizunguka kinyume. Ningejaribu kubadilisha nyaya, lakini mota ingeungua nisingepata nyingine Kampala nzima, na aliyezijua nyaya zile hakuwepo. Jumatano nilishinda ofisini nikiharibu mashine za watu kwa mawazo. Nilikuwa na kipande kimoja cha mvule, siku mbili, na mdomo wangu mkubwa. Niliona aibu mpaka nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nisipite mlangoni kwa Mama Sitti.

Jioni hiyo nilifunga kipande cha pili, nikawasha, nikakitazama kikizunguka bila kuthubutu kukigusa. Monique akaingia kwa mlango wa upande wa pili wa meza, ameshika kiazi na kisu, kisu kikiwa mkono wa kushoto kama kawaida yake. Alikuja kunigombeza juu ya redio, nadhani. Badala yake akasimama akiangalia.

"Baba Masika," akasema, "ile muti inakukimbia weye. Huku kwangu inakuya muzuri."

Nilizunguka meza upesi, nikasimama alipokuwa amesimama. Alikuwa sahihi kabisa. Kwa upande ule mti ulikuja na kushuka, kama inavyotakiwa. Lakini mota na mkanda sasa vilikuwa kuliani kwangu, na kila nilipotaka kuzungusha patasi kiwiko changu cha kulia kilikaribia mkanda. Mkono wangu wa kushoto nao ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Nikajaribu, nikachora mkwaruzo mbaya, nikazima.

"Nipe," Monique akasema.

"Hii si kazi ya kumenya viazi, Mama Masika."

"Nipe, nimesema."

Mkono ule wa Monique ulikuwa umeteseka. Masista wa shule ya Bukavu waliufunga kwa kitambaa mgongoni ili ajifunze kuandika kwa wa kulia. Huku Kampala, kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana, na Mama Sitti mwenyewe, kwa mapenzi yake yote, alikuwa akimpiga kofi dogo kila anaposahau na kuunyoosha juu ya sahani. Mbele za watu Monique aliuficha ndani ya kitenge.

Nilimpa patasi, akaishika kwa kushoto, kiwiko chake kikiwa mbali na mkanda.

Alianza polepole. Ulimi ulitoka pembeni mwa mdomo. Maganda yakaanza kutoka marefu na membamba, yakamjaa kifuani na kwenye nywele. Aliutazama mguu wa mfano, akautazama wake, akazima, akapima kwa kamba, akawasha tena. Hakuniuliza chochote, na mimi, Katembo, nilishika taa na kunyamaza. Sikujua kwamba naweza kunyamaza muda mrefu kiasi kile. Kesho yake jioni alimalizia shingo na kifundo, akapitisha msasa, nami nikatoboa matundu ya kuingizia mbao za ubavu wa kitanda kwa keekee yangu. Nataka hilo lijulikane pia.

Ijumaa baada ya swala ya mchana tuliibeba angarebi hadi kibarazani kwa Mama Sitti. Alikuwa amekaa mkekani, bakuli la hina limekorogwa mbele yake. Majirani wakajaa. Mama Sitti akainuka, akainama, akapitisha kiganja kwenye mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akarudi kwa wa kwanza.

"Katembo, mguu ya mupya ni gani?"

Nikamwonyesha. Tulikuwa tumeupaka mafuta na masizi, haukuwa na tofauti. Akaukalia upande ule kwa nguvu zake zote, na kitanda hakikutikisika.

"Mwanangu, hii mikono yako Mungu aibariki!"

Watu wakapiga vigelegele. Kichwa kilianza kunivimba, sitadanganya. Nilifungua mdomo kupokea, na sifa zilikuwa tamu. Kisha nikamwona Monique amesimama nyuma ya wanawake, mkono wa kushoto ndani ya kitenge, anatabasamu kwa ajili yangu.

"Si mikono yangu, Mama Sitti," nikasema, kwa sauti ileile niliyojisifia. "Ni Monique aliyekereza. Na amekereza kwa mkono wa kushoto."

Majirani wakageuka nyuma. Mama Sitti akamtazama Monique, akautazama mguu, akashuka kitandani na kukaa tena mkekani karibu na bakuli. Bibi harusi alikuwa bado ndani, hina haijaguswa na mtu.

"Mama Masika, kuja hapa. Leta mukono."

Monique akapiga magoti, akanyoosha mkono wa kulia kwa adabu.

"Hapana hiyo," Mama Sitti akasema. "Ile ya kazi."

Akauvuta mwenyewe kutoka ndani ya kitenge, akaufungua vidole kimoja kimoja, akaupaka hina kiganja kizima na ncha za vidole, taratibu, kama wa bibi harusi. Monique alikuwa akilia na kucheka. Mimi nililia tu.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mbele. Hina ilikuwa haijakauka, kwa hiyo Monique alilazimika kuuinua mkono wake wa kushoto juu, mbele ya mtaa mzima, hadi mlangoni kwetu. Mimi nilitembea nyuma yake, nikimwambia kila tuliyekutana naye kwamba yule ni mke wangu.