Juisi Iliyong'aa Mbele ya Naibu Mwalimu Mkuu

Kwa taadhima kuu natangaza kwamba sayansi ya shule yetu ya bweni hapa Mutuini imeingia katika historia. Imeingia kupitia bwalo, ikiwa na fizi zinazotoka damu.

Fizi za kwanza zilikuwa za Mukai, jirani yangu wa dawati. Kisha nusu ya kidato cha tatu tukawa tunatema damu kwenye sinki kila asubuhi. Mwalimu Kiarie, naibu mkuu, alizidi kuapa gwarideni kwamba juisi ya bwalo ni machungwa matupu.

Mukai alijua fizi hutoka damu mtu akikosa vitamini C ya machungwa, lakini hakubishana. Alipika maganda ya ndimu maabarani hadi akapata vipunje vya kaboni, vidogo kiasi kwamba hata hadubini yetu haivioni. Ukivimulika kwa tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, vinang'aa buluu. Ukitia maji yenye madini ya chuma vinazima. Ukiongeza vitamini C vinawaka tena. Alipotia juisi ya bwalo, giza: haikuwa na vitamini C.

Mwalimu Kiarie aliposikia, alifura. Akatuita wote maabarani.

"Mukai, pima hapa. Ikiwaka, unaenda nyumbani kwa kuchafua jina la shule."

Mukai akachota juisi ya bwalo kwenye jagi la walimu, akaitia kwenye dawa yake iliyozimwa. Ikawaka buluu kama taa za baa ya Dagoretti Corner usiku.

"Mnaona? Profesa wa maganda! Kafunge sanduku."

Darasa likaangua kicheko. Nilimchukia Kiarie na meno yake mazima. Niliwachukia waliocheka, wale wale wa sinki. Kulikuwa na mtu mwingine niliyemchukia zaidi, ila huyo sikutaka kumfikiria.

"Ngoja, Mwalimu," Mukai akasema. "Sijaimulika juisi peke yake."

Akaimimina kwenye chupa safi, bila tone la dawa yake. Ikang'aa vile vile.

"Kuna mjinga ameongeza kitu."

Akaigeuza tochi kwetu, akaipitisha kwenye mikono yetu mmoja mmoja. Sweta yangu ikawaka buluu hadi kiwiko.

"Sifuna! Ni wewe?" Mukai akauliza.

"Ni maji ya toniki," nikasema. "Hung'aa yenyewe chini ya tochi hiyo. Nilitaka kukimulika kikombe cha Mwalimu kiwake akinywa, tucheke. Sikujua utapimia jagi hilo. Mwalimu, wa kwenda nyumbani ni mimi. Lakini kwanza Mukai apime mtungi wa jikoni, ule wa juisi yetu sote. Ule sijaugusa."