Draiva za Bure

Kaka mtu hakuwahi kushindwa gemu kwa kosa lake.

"Ni Linux yako hii na draiva zako za bure!" alimfokea dada yake, fundi kompyuta aliyemwekea mfumo huo na programu zake za kuendesha kadi ya picha, mbele ya rafiki zake. "Picha inakwama, ndiyo maana napigwa!"

"Si wewe uliyenikataza kuzigusa tangu mwaka jana? Mchagua jembe si mkulima. Sogea!"

Dada akaweka toleo jipya la draiva huria, akawasha mashine upya. "Haya, cheza."

Picha ikateleza kama maji. Kaka akaingia vitani kifua mbele, na kabla hajamaliza kucheka, akapigwa risasi ya kichwa.

Akafungua mdomo.

"Usijisumbue," dada alisema, akichukua mkoba wake. "Safari hii wote tumekuona vizuri."