Kibanio cha Pili

Phinées alikuwa ameingiza kichwa na mabega penye uwazi wa gurudumu la mbele la gari lao, na kilichobaki nje ni makalio yake na viatu vyake vya kanisani. Jokébed, mkewe, aliketi barazani na rundo la mitihani ya fizikia mapajani, akavitazama viatu vile kwa dharau iliyokomaa. Mwanamume gani huvaa viatu vya Jumapili kwenda kupigana na grisi?

Hakumdharau tangu mwanzo. Dharau iliingia nyumbani mwao polepole, kama unyevu wa mtaa wao wa Vulamba unavyopanda ukutani. Kwanza bomba alilolitengeneza lilimwaga maji mpaka chumbani. Kisha mlango alioupachika ukawa haufunguki bila kunyanyuliwa. Kisha redio ya marehemu baba yake Jokébed iliingia mikononi mwa Phinées ikiimba, ikatoka bubu. Na kila mara mkosaji alikuwa tayari: mwenye duka, seremala, hata marehemu mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa kosa halikuwahi kumkuta Phinées nyumbani.

Safari hii ilikuwa amotisa za mbele, zile zinazomeza mishtuko ya barabara. Gari liligonga kwenye kila shimo kana kwamba limebeba masufuria, na Jumamosi walitakiwa kufika Beni, ambako binti yao Joyeuse alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi. Jokébed alipendekeza aitwe fundi Syauswa. Phinées alicheka. Alinunua amotisa mpya, akaazima vibanio viwili vya kubania springi, akatazama video moja kwenye simu, basi akawa fundi.

Alipofungua nati tatu za juu na kuzigonga boliti mbili za chini mpaka kutu ikaachia, alivuta amotisa nzima pamoja na springi iliyoizunguka, akaibeba hadi katikati ya ua kama mtu aliyeua mnyama. Kahongya, jirani yao, alisogea kwenye uzio kushuhudia.

"Papa Joyeuse, unafanya weye mwenyewe?"

"Nani tena? Bale bafundi bataniharibia hata yenye iko muzima."

"Ile resori iko na nguvu mingi," Jokébed alianza, akiionyesha springi kwa kalamu. "Mbele ya kuifungua..."

"Mama Joyeuse, weye unajua fizike ya ku tableau, ya chaki. Huku ni chuma."

Kahongya alicheka, si kwa ubaya, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Jokébed alichukua kalamu nyekundu na kurudi kwenye mitihani yake, masikio yakimwaka moto.

Phinées alikaza kibanio cha kwanza. Alipokaza cha pili, Jokébed aliona. Vyote viwili vilikuwa upande mmoja, havikuachana hata shubiri. Vibanio vya springi hutazamana, kimoja huku na kingine kule. La sivyo upande mmoja hubanwa na mwingine hutuna, na nati ya kati ikitoka, nguvu yote huenda itakako. Alikuwa amefundisha habari za springi miaka mingi, kwa mishale ya chaki nyeupe. Sasa aliiona ikianza kupinda.

Akawaza, kwa utulivu uliomshangaza: Mwache.

Aliona akilini kidole kilichobanwa, ukelele, Kahongya akirudi mbio uzioni. Aliuonja utamu wa hilo. Akasahihisha mtihani mmoja. Akampa msichana aitwaye Bénite saba juu ya kumi. Akasahihisha wa pili. Phinées alikuwa ameketi chini, ameibana amotisa kati ya mapaja, ameinamisha kichwa juu ya nati. Spana ililia. Jokébed alianza wa tatu, akainua macho bila kukusudia, akaona utosi wa mumewe. Nywele zilikuwa zimepungua pale, na zilizobaki nyingi zilikuwa nyeupe. Hakuwa amejua. Na utosi huo ulikuwa juu kabisa ya nati.

Hakukumbuka baadaye mitihani ilivyoanguka. Alivuka ua na kumnyang'anya spana.

"Acha!"

"Nini sasa?" Phinées aliisukuma amotisa kando, akasimama kumkemea. "Hata kazi ya mwanaume utaka..."

Amotisa ilianguka ubavu. Kibanio kimoja kiliteleza, na nati iliyokuwa imeshalegezwa ikang'oka. Kulikuwa na mlipuko mfupi, kisha bati la jikoni lilipiga kelele, na springi ikabingirika hadi kwenye mfereji ikatulia.

Phinées alilitazama tundu batini. Akatazama mahali alipokuwa ameketi. Kisha akatazama karatasi zilizotapakaa, wino mwekundu ukiwa bado mbichi juu ya mbili. Hakuwa mwepesi wa kuelewa mambo, lakini hili alilielewa.

"Ulikuwa unajua," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Kutoka wakati gani?"

Uongo ulikuwa karibu na rahisi. "Kutoka wakati ulikaza cha pili."

Kahongya alirudi uzioni akihema, akidhani amesikia risasi. "Ni nini ile? Masasi?"

"Ni mimi," Phinées alisema, macho yake yakiwa bado kwa mkewe. "Mama Joyeuse alinionya, mara mbili. Ni mimi sikusikia."

Jirani alimshukuru Mungu kwa sauti, akaenda. Jokébed alibaki amesimama na spana mkononi. Miaka yote alingoja kusikia neno hilo kinywani mwa mtu huyu, na mtu huyu alilitoa leo, kwa kosa ambalo halikuwa lake peke yake. Aliitafuta dharau yake pale alipozoea kuikuta. Ilikuwepo, lakini haikumwelekea Phinées.

Alikwenda mferejini, akaleta springi, akaifuta udongo mwekundu kwa kanga yake. Akaisimamisha juu ya amotisa mpya, akafunga kibanio kimoja huku, kingine kule.

"Shika hapa," alisema.

Phinées akashika. Alikaa mbali kidogo kuliko kazi ilivyohitaji, na kila mara mkewe alipotaka kukaza, hakuitazama springi. Alimtazama yeye usoni.