Namba Utosini

Siku ya saba baada ya mjukuu wake kuzaliwa, Asuman alichinja mbuzi nyuma ya nyumba yake, mtaani Namuwongo, karibu na reli, na Mwalimu Hamdun akamnyoa mtoto. Wembe ulipofika utosini ikatokea namba ya askari, tarakimu sita nyeusi, zimenyooka kama chapa ya gunia. Mwalimu alisuuza wembe, akahamia nyuma ya sikio.

"Ya nne hii mwezi huu," alisema. "Ya mtoto wa jirani Rukiah ina hata jina la kambi."

Kulusum, binti wa Asuman na mama wa mtoto, alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwaka uliopita, 1973, askari walimkamata akitoka shule, wakasema gauni lake ni fupi kuliko sheria inavyoruhusu, wakampeleka kambini likapimwe. Kulipima kulichukua siku tatu. Tumbo lilipoonekana, shule ikamfukuza. Ilisema itampokea akileta karatasi ya serikali kwamba kosa si lake.

Kwa hiyo Bwana Otema wa Ofisi ya Uchunguzi wa Tabia za Wasichana alipoingia na faili, alipewa kiti na sahani ya pilau.

"Baba wa mtoto?" aliuliza.

"Soma hapo kichwani," alisema Asuman.

Otema aliinama, akaisoma kwa sauti, akausifu mwandiko. "Lakini mzee, hapa wanataka jina. Namba haiingii."

"Nenda kambini ukaulize ni ya nani."

"Mimi nina watoto, mzee."

"Na huyu wangu ni nani, kuku?"

Kulusum alimlaza mtoto juu ya faili. "Andika tu kwamba sikutaka."

"Hiyo haimo kwenye fomu. Kuna sinema, kuna tamaa ya zawadi, kuna gauni fupi. Mama yako yuko wapi?"

"Alikufa."

Uso wa Otema ukachangamka. "Hiyo imo." Akaweka alama mbili: gauni fupi, na kulelewa na baba asiye na mke. "Matokeo?"

"Yanakukojolea faili," alisema Asuman.

Otema alikung'uta karatasi, akamaliza nyama, akaenda.

Shule iliisoma karatasi ikiwa bado ina harufu, ikampa nafasi msichana mwingine. Kulusum akaanza kufua nguo za watu mtaa wa Ntinda, mtoto mgongoni. Nywele hazikuota juu ya namba. Baada ya Idi zikajitokeza chini yake V tatu za sajenti. Majirani wakajua baba wa mtoto kapandishwa cheo.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, polisi alikutana na Kulusum na mtoto barabarani. Alikiangalia kichwa cha mtoto, akakaza miguu, akapiga saluti. Kisha akamgeukia Kulusum na beseni lake, akamuuliza kwa ukali kwa nini saa hizi hayuko darasani.